Neno Nililokuibia kwa Ajili ya Jicho la Kwaku

S.L.P. 41,
Bonwire.
14 Februari

Mpendwa Mjomba Sarfo,

Shikamoo. Baridi ya Hamburg inakutendeaje, na mgongo wako umetulia? Sisi huku tu wazima wa mwili. Wa moyo sina hakika, kwani nimekasirika, na fungu moja la hasira hii ni lako.

Umebadili namba ya simu bila kumwambia mtu. Nimepiga mara kumi na moja, na kila mara anapokea mama mmoja wa Kijerumani ambaye sasa ananijua kwa sauti na kunikaripia. Ndiyo maana nimempa Afriyie, anayesafiri kuja huko, barua hii akufikishie mkononi.

Ni jicho la kulia la kaka Kwaku. Mwezi uliopita alianza kuona nyuzi nyeusi zikielea juu ya kitambaa cha mazishi alichokuwa akifuma, na vimulimuli vya mwanga pembeni. Mtu mwingine angekwenda hospitali. Mfumaji alilaumu uzi! Alifumua mkanda mzima mara mbili akitafuta manyoya, kisha akaenda kumgombeza Maame Yeboaa, muuza nyuzi, mbele ya wateja.

"Uzi wako una manyoya!"

"Manyoya yamo jichoni mwako, Kwaku. Nenda kanawe."

Watu wakacheka. Katika mji mzima, mama yule peke yake ndiye aliyesema kweli, naye alikuwa akitania.

Nilimburuta hadi hospitali ya Kumasi. Daktari Lamptey akatueleza kwamba ndani ya jicho mna ute mzito, na umri ukienda ute hunywea na kuvuta retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Wa Kwaku ulivutwa ukachanika. Vimulimuli ni ule mvuto. Nyuzi ni vivuli vya damu na ute. Maji yakipenya kwenye mchaniko, utando wote hubanduka, na jicho linaweza kupofuka. Lakini ulikuwa haujabanduka. Miale ya leza ingechoma kuzunguka mchaniko, makovu yakaushike.

"Kumbe unapiga pindo," Kwaku akasema.

"Pindo hasa, Agya," daktari akamjibu, akimwita baba kwa heshima. "Na tulipige leo."

Hapo Kwaku akashuka kitini. "Bila neno la Mjomba, siguswi. Mama aliguswa Mjomba hajaulizwa, tukamrudisha ndani ya sanduku."

Miaka kumi na minane nimeandika magazetini kukemea ujinga wa watu, na ujinga ulikuwa umevaa shati nililopiga pasi mwenyewe. Wajua ukweli, Mjomba. Mama hakufa kwa sababu hukuulizwa. Alifariki kwa sababu tulikutafuta siku nne kwanza, na tulipokata tamaa kisu kilikuwa kimechelewa. Desturi ya kumsikiliza mjomba naiheshimu. Desturi ya kumngoja mjomba asiyepatikana, huku jicho likibanduka, siiheshimu, na nitapigana nayo hata kwenye kikao cha ukoo.

Nikatoka ukumbini, nikampigia yule mama wa Kijerumani, nikamwacha anikaripie, nikarudi ndani.

"Mjomba amekubali. Amesema uache upumbavu."

"Amesema upumbavu?"

"Mara mbili."

"Basi ni yeye kweli," akasema, akapanda kitini.

Haikufika nusu saa. Makovu huchukua kama wiki mbili kushika, kwa hiyo nimemkataza kitanda cha kufumia na mizigo, naye ananinunia kama mtoto. Nyuzi chache bado anaziona. Akiona pazia jeusi likishuka, turudi siku hiyohiyo.

Sasa sikiliza. Jicho la kushoto nalo lina mahali pembamba, na daktari atalitazama tena mwezi ujao. Sitaki kukuibia neno mara ya pili. Andika kwa mkono wako: "Macho ya Kwaku, yote mawili, yatibiwe siku yoyote bila kuningoja." Tia sahihi. Nitaibandika karatasi hiyo mbele ya kitanda chake cha kufumia, mahali anapotazama kutwa.

Nisalimie mkeo Gertrud na mapacha wenu. Maame Yeboaa anakusalimu. Bado anadai aombwe radhi. Mungu akulinde, akulindie na simu yako mpya.

Kwaku akikupata kabla hujajibu, atakushukuru. Ulisema upumbavu, Mjomba. Mara mbili.

Mpwa wako akupendaye hata akikasirika,
Yaa Dufie