Mama Mkwe Jukwaani

Jumanne, 9 Januari 1934

Amekichoma! Kitabu changu cha shule ya wakulima — ndani ya moto unaopasha joto kitanda chetu cha udongo, mbele ya macho yangu. Eti uji wa mtama umeungua kwa sababu ya kusoma. "Haya, msomi wetu, soma majivu!" Akacheka mpaka akakohoa. Na mtihani ni mwezi ujao. Sikulia. Mama mkwe huyu atanikoma.

Alhamisi, 11 Januari

Mwalimu Xi wa shuleni anatafuta waigizaji. Mchezo ni wa mama mkwe katili anayemkataza mkwe wake shule. Wanawake wote wakakataa kuwa mama mkwe, eti ni nuksi! Mimi nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kusema.

Jumatatu, 15 Januari

Namchunguza kutwa. Anavyolamba upawa na kuurudisha chunguni. Anavyosonya kabla ya kutukana. Leo kaniuliza, unanikodolea nini, nina pembe? Hapana, Mama. Moyoni: ngoja kijiji kizima kikuone! Mwalimu anasema nina kipaji. Kipaji gani? Nina hasira.

Jumapili, 21 Januari

Jukwaa la hawa walimu wa mjini halina pazia. Lina ngazi, mtazamaji apande aseme lake. Nikalamba upawa — vicheko! Nikasonya — watu wakageuka kumtazama mama mkwe, ameketi katikati yao. Raha niliyoipata!

Yeye hakucheka. Akapanda, na vile vijiguu vyake vilivyofungwa vitambaa tangu utoto visikue. Nikajua kofi laja. Nililitaka, aaibike zaidi. Akanipokonya fimbo ya mchezo, akanitandika begani. "Mama! Miguu ilikuwa inatoka usaha, ukanituma kisimani! Nilikukosea nini?"

Hakuwa akinipiga mimi. Alikuwa akimpiga mama mkwe wake, aliyekufa zamani. Wanawake wakalia, wakapiga kelele, mwongeze! Kisasi kilikuwa changu! Amekibeba chote, na bega langu ameliumiza juu ya hayo.

Jumatatu, 22 Januari

Bega limevimba. Asubuhi amelikanda kwa maji ya tangawizi. Ameniita mwanangu. Leo! Kitabu hakukitaja hata kidogo. Sitaki huruma yake.

"Mwanangu, yule mwanamke hukumkuta. Nani alikuambia alivyokuwa?"

Nikafungua daftari hili. Kaenda kuongeza maji ya moto, akirudi anataka jibu. Nitamwambia: hakuna aliyeniambia, Mama, nilikuwa nakuigiza wewe. Maneno machache tu, na yatamchoma kuliko moto wake. Namwambia. Naapa namwambia — huyo anakuja, anapuliza bakuli lisiniunguze —