Vitone Vitatu vya Baba

Nizwa, 3 Februari 2005

...na habari ya kabati sikuimaliza, Mama, kadi ya simu ikaisha. Shikamoo kwanza. Sie wazima, alhamdulillahi; wewe na Baba mu hali gani?

Basi, Thuwaini wangu kanipeleka karakana yao ya silaha. Kanionesha bastola kuukuu zinazobadilishwa vilengeo, vile vipande vya juu vya kupimia shabaha, kwa waranti, yaani dhamana ya kiwanda. "Bi harusi," akanambia, "ingia kabatini na hivi vipya." Nikaingia kweli! Alipofunga mlango, Mama, vikawaka vitone vitatu vya kijani, vidogo kama ufuta, bila betri wala waya. Subhanallah! Na mikono inayovifunga ni ya mume wangu!

Mwanao, Tamima

Sur, 10 Februari

Marahaba mwanangu. Mie mzima, kifua kimetulia. Ya baba'ako ndiyo nakuandikia, naye kanikataza.

Bastola yake ya ulinzi, ile ya mwaka 1993, ina vitone hivyo hivyo, na sasa havioni. Mwanzo aliianika darini kando ya papa wangu wa kukausha, ati vinywe jua. Wapi! Ilinuka papa tu. Sasa anasema, "Macho yamekwisha, mama Tamima. Mlinzi kipofu ni mwizi wa mshahara. Mwisho wa mwezi naacha kazi." Gari hagusi tena jua likitua.

Mama'ako

Nizwa, 14 Februari

Shikamoo Mama. Natumai kifua bado kimetulia. Nimelia, kisha nikamuamsha Thuwaini kwenye usingizi wake wa mchana. Akauliza, "Kwani Mama mwenyewe kaviona?"

"Baba hampi mtu bastola yake."

"Safari hii ampe."

Jua haliviongezi kitu, anasema. Ndani mna kichupa kidogo kuliko punje ya mchele, kina hewa inayokifanya king'ae chenyewe, na nguvu yake hupungua mwaka hadi mwaka. Fikiria, Mama! Miaka yote hiyo vimewaka mkobani, hata Baba akiwa amelala! Waranti yake ni miaka kumi na miwili, haijaisha. Leteni nakala ya leseni na namba ya bastola.

Mwanao anayekupenda

Sur, 19 Februari

Mwanangu, marahaba. Sote wazima, na leo zaidi. Baba'ako katoa risasi, tukaingia stoo, tukafunga mlango, kanipa nitazame. Sikuona kitu! Nikamwambia, "Basi na mie kipofu, bwana." Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele. Jana baada ya magharibi kanipeleka kwa shangazi'ako Ghalia, kaendesha mwenyewe. Kazi haachi.

Nakala hizi hapa. Ila bastola, anasema, haitoki mkononi mwake, hata kwa mkwe.

Mama'ako

Nizwa, 12 Machi

Shikamoo Mama, shikamoo Baba. Afya zetu njema, na furaha haina kifani: vilengeo vya Baba vimefika! Thuwaini anasema kama bastola haiji kwa fundi, fundi ataifuata. Kibano chake cha kubadilishia vilengeo keshakifunga kwenye sanduku.

Nimevitazama chini ya blanketi. Vitawaka mpaka mwaka 2017, Mama, na wanangu, Mungu akinijaalia, watakuwa wanasoma. Nani atawaamini wakisema babu yao alidhani kapofuka?

Baba atuwekee nafasi barazani. Tunakuja sote wawili kabla mwezi huu haujaisha, inshallah.

Mwanenu, Tamima