Mama, Mkweche Wako Nimeupiga Waksi

Mama yangu, shikamoo huko uliko,

Nakuandikia nimekaa kwenye kiti chako cha dereva, nje kwa wakwe zetu Kipawa. Ndani wanakula pilau. Mie huyu, mwanao niliyeishia darasa la saba, niliyeendesha malori hadi Lubumbashi na kutukanwa kwa lugha sita nisizozijua, leo nimeshinda vita pale pale uwanjani kwako Mtoni, kwa ndoo na kitambaa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukisema, mdogo wangu Zuhura akiwa bado na meno ya utoto: "Huyu akiolewa nampeleka mwenyewe, na gari langu." Watu walicheka. Mama ntilie wa Chang'ombe, ana wajukuu, anajifunza gari! Ukalinunua hivyo hivyo, jekundu, limeshachosha wenyewe wawili. Kila Jumapili ukaliosha, kanga kiunoni, hutaki msaidizi. Nami siku nilipojitia kukusaidia, nikachota maji ya kisima, nikamwaga na sabuni ya unga, nikaliacha likauke juani. Chumvi ya kisima chetu! Likatoka madoa meupe mwili mzima.

"Hili gari au samaki ng'onda?" ukaniuliza.

Nikalirudia mara tatu kwa maji ya bomba, wewe umesimama pembeni na mwiko.

Basi mama, mwaka juzi ukatangulia. Mwaka huu Zuhura kapata mume, kamati ya harusi ikakaa, na baba mdogo Idi akawa mwenyekiti kwa kujichagua. Akatangaza: bibi harusi atatoka na gari la kukodi, jeupe, jipya. "Ule mkweche usogezwe nyuma ya nyumba, wageni wasiuone."

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

"Mkweche hausogei."

"Watu watasemaje?"

"Watasema mama yake kampeleka."

Akasema kichwa changu kigumu kama jiwe la kusagia. Nikamshukuru, nikamwambia nimerithi.

Lakini mwenye safari ni Zuhura. Nilimkuta amenyoosha miguu, piko aliyochorwa inakauka. Nikamwambia, "Mdogo wangu, usinionee haya. Ukitaka lile jipya, mlango nitakufungulia mie mwenyewe." Alitazama miguu yake tu.

Jana nikaanza kazi. Maji ya bomba, madumu manne. Nilianzia kwenye paa nikashuka, magurudumu mwisho na kitambaa chake peke yake, maana mchanga wa tairi ukipanda kwenye boneti unachora kama kucha za paka. Nikakausha kwa fulana kuukuu. Boneti ilikuwa imepauka, nyekundu yako imegeuka pinki. Nikapiga polishi kwa kuzungusha, taratibu, mpaka mkono ukafa ganzi na rangi ikaanza kurudi. Kisha waksi, kiduchu tu, nikaiacha ifanye ukungu, nikafuta.

Baba mdogo akapita. "Unampaka maiti poda," akasema.

Iliniuma, mama, sikufichi. Nikahamia mlango wa nyuma, nikaendelea kusugua.

Leo ndoa ilipofungwa, na bwana harusi alipotangulia kwao, gari la kukodi likaja na maua yake, likasimama linanguruma. Mkweche wako ukawa kando yake, hauna ua hata moja. Zuhura akatoka, somo yake aliyemfunda kamshika kiwiko. Wapiga ngoma walishusha mikono. Akatazama jeupe. Akatazama jekundu. Akaja kwangu, akainama, akajitazama kwenye mlango wako kama kwenye kioo, akaweka sawa shela yake. Akamgeukia yule dereva wa kukodi.

"Kaka, samahani. Wewe nibebee baba mdogo."

Vigelegele vya Mtoni unavijua, sina haja ya kukuelezea. Kapanda mbele, ubavuni kwangu, si nyuma kama maharusi wa watu. Njia nzima mkono wake ulikuwa juu ya dashibodi, hakuutoa. Na baba mdogo katufuata mpaka Kipawa, amenuna ndani ya kiyoyozi.

Wananiita nikale. Nitakula, na kila atakayeniuliza tumekujaje nitamjibu kwa sauti: mama yetu katuleta. Asiyependa akapande lile jeupe, lina nafasi.

Pumzika mama. Mtoto kafika kwake.

Mwanao wa kwanza, na dereva wako