Tableau Yenye Sura Yako

Vulamba, Butembo, tarehe 8/6/2001

Ku mudogo wangu Muyisa, ku nyumba ya dada yetu Katungu, Alimbongo.

Mimi kaka yako Zorobabel niko na miaka makumi saba na tatu. Nilizika Babeleji, nilizika Zaïre, nilizika babibi wawili na docteur aliyesema nitamaliza mwezi moja tu. Donc ukiona maandiko inatetemeka, ni kalamu mubaya, hapana mukono.

Wavukire, mudogo wangu. Habari ya mwili? Vidonda ya mikono vimekauka? Katungu angali anakohoa? Wasingya, aksanti juu ya viazi. Lakini mufuko ulifika umefunguliwa na kushonwa tena na uzi mweusi. Mutu wa camion, ile gari ya mizigo, anasema hapana yeye. Nilimuangalia macho, naye akaangalia pneu ya gari. Barua hii nimeifunga na rangi ya bleu. Ukiona rangi imepasuka, hapana umalize kusoma, ondoka.

Unajua tableau zangu tatu, picha za rangi za maulizo, ku ukuta ya nganda ya Delphine, kwenye tunakunywaka pombe. Ya kwanza, Mubeleji wa kofia nyeupe anauliza mutu asiyelipa kodi, fimbo chini ya kwapa. Ya pili, mutu wa Sûreté, bapolisi ba siri ba wakati ya Zaïre, anaandika hata kikohozi ya mwenye kuulizwa. Ya tatu, officier wa sasa, lunettes nyeusi ku macho, na mutu amefungwa ku kiti, bidon ya manjano ya kutia maji chini. Bapeintre bengine banaweka mutu analia, mudomo wazi. Mimi naweka mwenye kuuliza anapiga miayo. Ndiyo kweli, na mimi peke yangu ku Butembo niliiona.

Basi, juma hii basoda balikuya na bunduki, bakanipeleka Beni pamoja na ile ya tatu. Tableau ilikaa mbele na chauffeur, mimi nyuma. Officier wao, bwana moja Aristote, mutu wa mbali, akauliza nani aliniambia habari ya bidon, kitu ya ndani ya chumba yao. Nikasema niliota. Balinipiga siku mbili. Nikamwambia fimbo ya Babeleji ilikuwa na uzito zaidi.

Siku ya tatu akaleta chai na mukate. Akasimamisha tableau ku dirisha, akaiangalia sana. Akasema aliona kazi ya bapeintre bakubwa ku Kinshasa, lakini mikono imefungwa namna hii, bado. Akauliza, bila hasira, nilipataje ile alama ya kamba.

Muyisa, aibu yangu ni hapa. Nilisema Zorobabel hapana mutu wa kubuni, kila kidonda anakiona na macho yake. Nilisema ulinikalia asubuhi tatu nikikuchora, umetoroka mu chumba yao majuzi tu, na nilikugeuza mikono ku mwangaza. Akacheka, akauliza kama huyo mutu ako muzima. Nikajibu ako vizuri, anakula viazi ya Alimbongo.

Hakuandika kitu. Aliniachilia, akabaki na tableau. Nilifika ku barabara ndiyo nikasikia kile nilichosema.

Ondoka leo. Viatu kama viko inje, uviache. Na hapana unijulishe kwenye unaenda. Huu mudomo fimbo haikuufungua, sifa iliufungua, na sijui kama umefungika. Katungu aseme hakukuona tangu Pasaka.

Musalimie yeye na bajirani ambao ungali unaamini, kama beko.

Kaka yako, Zorobabel, peintre.

Wenye kushuhudia: Delphine, ku ukuta wake kumebaki musumari, na Ésaïe mwana wa Kasika, musoda aliyesimama ku mulango kule Beni. Ni yeye alinifuata inje kuniambia camion yao inakuya kwenu siku ya Mungu.