Kumi na Saba kwa Mia Moja na Ishirini

Jumatatu, 3 Machi
"Mama Mwalimu, sukari yangu kumi na saba, yako mia moja na ishirini. Sasa nani mugonjwa?" Faustin huyo, jirani wa ghorofa ya chini, Mkongomani muuza vitenge, shemasi wa kanisa letu. Alinitangazia kwenye ngazi nikiwa bado nafuta damu ya kipimo kidoleni, mashine mkononi. Upuuzi. Kliniki yake hapa mtaani Bukoto hupima kwa milimoli katika lita. Mashine yangu, aliyonitumia binti yangu kutoka Marekani, hupima kwa miligramu katika desilita. Namba hizo hazilinganishwi mpaka ziwe za kipimo kimoja. Zidisha yake kwa kumi na nane: mia tatu na sita. Yangu inabaki mia moja na ishirini. Yeye ndiye anayeoza, na anatamba.

Sikumwambia. Mwezi uliopita aliwaambia waumini kwamba makala zangu gazetini ni kelele za mwanamke aliyekosa wa kumnyamazisha. Mtu kama huyo hasahihishwi kwenye ngazi.

Jumatano, 5 Machi
Amegonga mlango. Kaniletea vidonge vyake vya kisukari, pakiti mbili ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki. "Chukua, Mama. Miye niko muzima. Weye ndiye utakufa, utuache na hiki Kiswahili chetu kibovu." Alinihurumia kweli. Nikapokea. Nikashukuru. Anachechemea, kidonda kisiginoni. Anasema ni kiatu.

Bado sikusema. Nilikuwa natunga jibu la hadharani.

Jumapili, 9 Machi
Leo. Baada ya ibada watu walibaki kwa chai, naye akaanza tena na kumi na saba yake. Nikavuta ubao wa watoto, nikaandika namba zote mbili.
"Shemasi, kuku kumi na mbuzi mmoja, wapi pana nyama nyingi?"
"Mbuzi."
"Lakini kumi ni nyingi kuliko moja."
Watu wakacheka. Nikazidisha polepole, tarakimu kwa tarakimu, kama kwa watoto wa darasa la tatu. Mia tatu na sita. Wakacheka zaidi. Mkewe, Espérance, hakucheka.
Faustin akauliza, kwa sauti ndogo, nimejua tangu lini.
Jumatatu, nikasema.
Akavaa kofia, akatoka.
Nimeshinda. Nilikula vizuri mchana.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeshuka na vidonge vyake kumrudishia. Hakufungua mlango wote. "Vyako hivyo, Mama. Miye ni kumi na saba." Anajua si kweli. Nilimwonyesha mwenyewe. Anapendelea kukosea kuliko kupokea kitu mkononi mwangu. Nilimwita mpumbavu kupitia upenyo wa mlango. Espérance akaufunga.

Jumapili, 16 Machi
Hawakuja kanisani.

Jumamosi, 29 Machi
Wamemkata Faustin mguu chini ya goti. Kidonda kilikuwa kimeoza mpaka mfupani. Espérance alinieleza kwenye ngazi, akitazama ukuta. Mumewe alikataa dawa zote, nilizomrudishia na za kliniki, akisema hatachekwa mara ya pili.

Jumapili, 6 Aprili
Hospitalini. Analala upande mmoja. Nilimmenyea chungwa. Alikula nusu.

Karatasi ya kitandani ilikuwa na namba kumi na moja, bila kipimo. Nikamwomba nesi akiandike. Akaandika.

Makala ya wiki hii nimeifuta mara nne. Yamebaki maneno haya. Manesi wa kliniki za Bukoto na Ntinda: msimpe mgonjwa namba tupu. Andikeni kipimo chake, mwelezeni. Na ninyi mnaojua kuhesabu, walimu wenzangu, wenye kalamu: mkiona jirani analinganisha visivyolingana, mwambieni siku hiyo hiyo, mkiwa wawili tu.