Chuma cha Nyuma cha Pikipiki ya Mzee: Kwa Kitheka Mutisya

Mwaka umezunguka, Kitheka, tangu asubuhi ile ulipotoka hapa Emali na spana zako kwenda Salama kumsaidia mtu aliyekwama kando ya barabara, na lori likakukuta umeinama kwenye gari la mtu usiyemjua hata jina. Ukiwa mlangoni uliniambia, "Mama Kaluki, niwekee chai." Niliiweka. Mpaka leo nikipika chai mkono wangu hutoa vikombe viwili vikubwa na kimoja kidogo, halafu nakirudisha kikubwa kimoja.

Watu wa hapa wanakukumbuka kwa mikono yako. Vijana wa boda walikuita ukiwa unakula, nawe uliondoka na kipande cha chapati mdomoni. Ukirudi ulinawa kwa sabuni na sukari, ukasugua mpaka kwenye viwiko, halafu ukanusa viganja kwanza kabla ya kumbeba mtoto. Kanisani hukujua kuimba, lakini uliimba kwa nguvu. Pasta alikuomba ukae nyuma kidogo. Ulikaa nyuma, ukaongeza sauti.

Mimi nakukumbuka pia kwa masomo yangu ya jioni. Ulisema mke wako hawezi kuishia darasa la nane na wewe upo. Ulibaki na mtoto, mkala ugali uliojaa madonge, mkanywa maziwa yote. Saa ya kutoka darasani ulikuja kunichukua kwa miguu, Kaluki akiwa mgongoni mwako amelala. Wenzangu walicheka: "Fundi wa pikipiki anatembea!" Ulijibu, "Yangu haina taa. Haina hata kiti cha kukalisha msomi."

Ilikuwa kweli. Taa uliitoa mwenyewe.

Kwa wasioijua, pikipiki ile ilikuwa ya baba yako, Mzee Mutisya, mwinjilisti wa Mutomo. Aliiendesha kwenye vumbi lile akienda kuhubiri, na siku za kawaida alibeba mitungi ya maji. Alipofariki ikawa yako. Ulikuja nayo Emali ikiwa nzee, inakohoa, nasi tuliitumia hivyohivyo mpaka Kaluki akazaliwa. Kisha siku moja ukaniambia unataka kuigeuza iwe ya mbio fupi, zile za mstari ulionyooka ambazo vijana huita dragi. Nikakuuliza, "Kitheka, ile ya Injili?" Ukasema, "Injili si inafaa iende haraka?"

Ukaanza kuivua kama mtu anayevuliwa nguo zilizolowa mvua. Ilitoka taa, vikatoka vioo, madigadi ya kuzuia matope, na kiti kirefu. Ulirefusha mkono wa gurudumu la nyuma ili isiinuke mbele ikiondoka, ukaishusha karibu na ardhi, ukafungua injini mara nyingi mpaka Kaluki akajua jina la pistoni kabla ya kujua jina la pasta. Chochote chenye uzito ulikitupa. Kimoja tu hukukigusa: kile chuma kinene kilichopinda nyuma, ambacho mzee alikichomelea kutoka kwenye mkokoteni uliovunjika.

Rafiki yako Nyamai, mliyefanya naye kazi gereji, alikuwa akikipiga kwa spana. "Fundi, hiki ni mzigo wa bure. Tukikate."

"Hicho hakiguswi. Mama alishika hapo akipelekwa hospitali kunizaa."

Ndivyo mzee alivyowasimulia wewe na kaka yako tangu mkiwa wadogo. Mama yenu alishikwa na uchungu usiku, gari hakuna, naye akampakia nyuma, na mama akashika chuma kile mpaka hospitali ya misheni. Hata mimi siku zangu za kujifungua zilipofika, ulinipakia hapohapo ukaniambia, "Nzisa, shika hapa. Mama alishika hapa." Nikashika. Kwa hivyo tulikielewa, na tukakiacha.

Ile siku ya mbio, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege ndogo, wale vijana wenye pikipiki za kung'aa walikucheka. "Mzee wa maji! Mitungi umeacha wapi?" Ukawajibu, "Iko nyumbani, inangoja mje mteke." Ukaondoka kama risasi. Ulishindwa kwa upana wa tairi tu. Nyamai alitupa kofia chini akasema, "Ni kile chuma! Ni kile chuma tu!" Wewe ulikuja kwetu ukiwa umejaa vumbi mpaka kwenye kope, ukamwinua Kaluki juu. Sijawahi kuona mtu aliyeshindwa akiwa na furaha kiasi kile. Ukaniambia, "Mwaka ujao, Nzisa. Mwaka ujao hawanioni."

Mwaka ujao ndio huu.

Tangu tukuzike pikipiki imekaa gereji imefunikwa turubai. Mwezi uliopita mbio zilipotangazwa, Nyamai aliniita gereji akaniomba aikimbize kwa jina lako, ila chuma kitoke. Siku hiyohiyo alikuwepo kaka yako Mbithi, na yeye alitaka irudishwe kama zamani, na taa na kiti, ipelekwe Mutomo.

"Baba hakuiacha iwe mchezo," Mbithi alisema.

"Na Kitheka hakuiacha nusu," Nyamai akajibu. "Unataka irudi kubeba maji?"

"Heri maji kuliko kelele. Na hicho chuma mkikata, mmemkata mama yangu."

Waliniangalia mimi. Niliona nikisema kikatwe nimekuvunjia heshima, na nikisema kibaki nimeizuia ndoto yako gereji milele.

Mama yako alikuwa amekuja kupanga nasi kumbukumbu hii. Alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, akimenya njugu na mjukuu wake Kaluki, mwenye jina lake. Wewe hukuwahi kumuuliza lolote kuhusu usiku ule, na ninakuelewa. Mwanamume wa kwetu hamuulizi mama yake habari za kuzaliwa kwake. Lakini mimi ni mwanamke, na ni mkaza mwana wake. Nikamwendea nikamwuliza, "Mwaitu, mama yangu, tufanye nini na mahali uliposhika?"

"Niliposhika wapi?"

Nikamwonyesha chuma.

Kitheka, mama yako alicheka. Hakuwa amecheka tangu mazishi. Alicheka mpaka njugu zikamwagika.

"Hicho? Hicho kilikuwa cha mitungi! Nani angeshika chuma kwenye barabara ile, kinakurusha kama mahindi kwenye ungo? Nilimshika baba yenu kiuno. Nilimkumbatia kutoka nyumbani mpaka hospitali, nikamfinya mpaka shati likapasuka. Sasa yeye ni mwinjilisti, atawaambia nini watu wa kanisa? Kwamba mke wake alimkumbatia njia nzima watu wakiona? Ndio akasema nilishika chuma." Akafuta macho kwa ncha ya leso. Halafu sauti yake ikashuka. "Na huyu mtoto wangu akashindwa mbio kwa sababu ya aibu ya baba yake. Angeniuliza. Mngeniuliza tu."

Mbithi alitoka nje akasimama akiangalia barabara. Aliporudi alisema, "Kateni."

Nyamai akawasha mashine ya kukatia. Hapo ndipo mimi nilipomwambia angoje.

Kwa sababu mama yako hakushika chuma kile, Kitheka, lakini mimi nilishika. Nilikishika kwa mikono yote miwili, na wewe mbele yangu unaendesha polepole unaniuliza kila shimo, "Uko? Bado uko?" Nami najibu, "Niko." Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kukishika kwa sababu ile. Ulinipa kitu cha mama yako ambacho hakikuwa cha mama yako, kikawa changu.

Nyamai alisema kikikatwa kitaanguka kigonge gurudumu. Lazima mtu akishike.

Nikakishika. Kilitetemeka mikononi mwangu kama siku ile, cheche zikaruka, na mama yako akawa amesimama nyuma yangu amenishika kiuno. Kilipoachana na pikipiki nilishangaa. Ni kizito sana. Ulibeba uzito huu wote, mpenzi wangu, na bado ulishindwa kwa tairi tu.

Sasa kiko ukutani nyumbani. Kaluki anatundika hapo mkoba wake wa shule ya chekechea. Mimi nimepita mtihani wa kidato cha nne, wewe ulikuwa na hakika kuliko mimi. Jumamosi hii Nyamai atapanda, Mbithi ndiye ameweka cheni mpya, na jina lako limeandikwa kwenye tangi kwa rangi nyeupe. Tutakuwa pale mwisho wa mstari. Nyamai akipita nitasema kwa sauti, hata watu wakinishangaa, "Niko. Bado niko."

Tunaokukumbuka kwa upendo: mimi mke wako Nzisa, binti yetu Kaluki, mama yako mpendwa Mwaitu Kaluki wa Mutomo, kaka yako Mbithi na nyumba yake, rafiki yako Nyamai na mafundi wote wa gereji, na waumini wenzako, ambao sasa wanasema kanisa limekuwa kimya mno.

Lala salama, Kitheka wetu. Siku zote uko nasi.