Mambo ya Bure ya Kisiwani, Ghorofani Kwetu

Jumatatu, 30 Juni

Maji yamerudi alfajiri. Nimejaza ndoo zote, kisha nimefua nepi za Ombeni, kisha sare ya kazi ya baba yake. Nguo nimeanika ndani, juu ya viti. Dirishani sitaki. Sitaki mtu aliye chini ajue kuna mtoto mdogo humu.

Shule zimefungwa. Baridi kali. Saluni nayo imefungwa, patroni, mwenye saluni, amesema tusubiri maandamano yapite. Ya kutuondoa sisi watu wa nje hapa Afrika Kusini. Simu imejaa habari hizo tangu Ijumaa. Kila mtu anatuma zilezile, na kila zikitumwa zinakuwa mbaya zaidi.

Furaha ana miaka minane, hawezi kukaa ndani. "Mama, hata park? Park ni bure." Nikasema hapana. Akauliza tena. Nikasema hapana ile ya pili, anayoijua.

Alipomaliza kununa akachukua gazeti la saluni, lile la picha wanalosoma wateja wakisubiri kusukwa. Nililileta nyumbani tufunikie madaftari yake. Akanisomea Kiingereza na kunitafsiria kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Kisiwa kidogo huko Karibiani. Mambo ya kufanya bila kulipa. Kutembea ufukweni asubuhi. Kupanda kilima uone kisiwa chote. Kuokota makombe ya baharini. Kwenda kusikiliza kwaya Jumapili, kanisa la kule mlango wake uko wazi kwa mgeni yeyote. Kutazama jua likizama.

Pale pa mlango wazi nikamwambia arudie. Akarudia.

Nikamwambia sawa, tutafanya yote. Lakini humu humu.

Jumanne, 1 Julai

Kilima ni ngazi. Lifti ilikufa kabla hatujahamia. Nimepanda na Ombeni mgongoni mpaka juu ya paa, Furaha mbele na taulo letu la buluu, lile lenye picha ya bahari, mnazi na kasuku. Akalitandika kwenye saruji. "Hii ni beach. Vua viatu, mama." Nikavua. Saruji kama barafu.

Kutoka paani unaona kisiwa chote. Mnara wa Hillbrow, reli za Park Station, moshi wa mahindi ya kuchoma. Chini watu wadogo wadogo. Nilijaribu kuona kama wanatembea kama siku zote au kama siku mbaya. Huwezi kujua ukiwa juu.

Ombeni amekohoa tukishuka. Vumbi labda.

Alhamisi, 3 Julai

Wamepita.

Kwanza nilisikia filimbi. Kisha miguu, kisha wimbo. Nikazima redio, nikavuta pazia, nikakaa na watoto kati ya kabati na ukuta. Fimbo zilikuwa zinagonga mageti ya maduka, moja baada ya lingine. Tulisikia wanavyokaribia, tukasikia wanavyopita.

Wimbo una midundo mizuri. Furaha akaanza kutikisa kichwa, anaujua, wenzake huimba shuleni. Nikamuuliza unasemaje. Akafungua mdomo anitafsirie. Kisha akafunga. Akasema, "Ni wimbo tu, mama."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Fimbo hazikunitisha hivyo. Mwanangu ameshaanza kunificha mambo ili nisiumie.

Baba Furaha amepiga simu. Analinda ghala huko upande wa Soweto na teksi haziendi. Atalala kazini mpaka kutulie. Anasema, "Usitoke. Hata mkate usitoke." Nimesema ndiyo. Kifua cha Ombeni sikumwambia.

Ijumaa, 4 Julai

Makombe ni shanga za nywele. Nilikuwa na mfuko uliobaki saluni. Nimezificha chini ya godoro, kwenye viatu, nyuma ya jiko, na Furaha akaziokota zote ndani ya kikombe. Nilimsimamia mpaka ya mwisho kwa sababu ya Ombeni, anatia kila kitu mdomoni.

Ila leo hakutia kitu mdomoni. Hata ziwa amelikataa mara mbili.

Mama Deo wa mlango wa pili, Mrundi, tunasuka wote, amerudi kutoka kliniki mikono mitupu. Getini wamesimama vijana. Si wafanyakazi wa pale. Wanaomba kitambulisho cha Afrika Kusini kabla hujafika kwa nesi. Kama huna, rudi. Alikwenda kuchukua dawa zake za presha tu.

"Sikusema hata neno moja, dada," ameniambia. "Nimenyamaza kama jiwe. Yule kijana ameangalia kitenge changu, akacheka. Akasema wewe nenda kwenu, huku hatuvai mapazia."

Tumecheka na sisi. Kisha tumeacha.

Jumapili, 6 Julai

Kanisa letu liko kwenye gereji ya chini, leo limefungwa kwa kufuli. Mchungaji ametuma ujumbe kila familia iombe kwake. Furaha amenikumbusha kwaya ya kisiwani. Kwa hiyo Mama Deo amekuja, tumeweka redio ya Kizulu kwa sauti, na chini ya redio tumeimba za kwetu. Midomo imefungwa, tunaguna tu. Furaha akasema kwaya hii ni ya nyuki.

Mama Deo ndiye aliyeacha kuimba kwanza. Alikuwa anamtazama Ombeni. Akamfunua fulana. Kila akivuta pumzi ngozi inaingia katikati ya mbavu, inazama. Pua zinapanuka. Kucha zimekuwa na rangi nisiyoipenda.

Mdogo wangu alikufa hivi kwetu Uvira. Nilikuwa na umri wa Furaha. Naijua sauti hiyo.

Basi kesho naenda. Nimeshaamua, sitaki ushauri. Mama Deo amesema, "Usiende kabisa, dada, watakupiga na mtoto mgongoni." Nimemjibu watanipiga nikiwa kwenye foleni ya dawa. Hapa nimekaa bure.

Nimejiandaa. Kitenge hapana. Wanawake wa hapa wanabeba mtoto kwa taulo, basi taulo. Hereni nimevua. Kofia ya sufu, jaketi, sketi nyeusi. Atakayesema ni Furaha. Mimi nitaitika tu. Nimemwambia, "Kesho wewe ndiye mdomo wangu. Kiswahili usikitoe kabisa." Akauliza nikikuita je? Nikamwambia mama ni mama hata kwao, niite tu. Akafurahi kwamba kuna neno moja halikukatazwa.

Jumatatu, 7 Julai

Naandika Furaha amelala.

Tumetoka jua halijapanda. Barabarani sikumtazama mtu. Kwenye robot, taa za barabarani, tukasimama na wengine, tukavuka na wengine. Ombeni mgongoni moto kama jiko, namsikia anavyokoroma. Hilo ndilo lililonisukuma. Akikoroma bado yuko.

Foleni ilikuwa nje ya geti. Vijana wanne, makoti ya rangi moja. Hawapigi kelele, wanauliza taratibu kama watu wa kazi. Mbele yetu wamemtoa mwanamume mmoja, amekwenda bila kubisha, karatasi zake mkononi.

Tukafika sisi. Furaha akasema kwa Kizulu tulivyofanya mazoezi: mdogo wangu anaumwa, kitambulisho cha mama kimebaki nyumbani. Alisema vizuri. Sauti haikutetemeka. Kijana karibu atupishe. Kisha akarudisha mkono getini. Akawa anatazama bega langu.

Nikatazama na mimi. Halafu nikatazama wanawake wengine kwenye foleni. Wote mataulo yamepita chini ya kwapa, yamebanwa mbele juu ya matiti kwa pini kubwa. Langu limepita juu ya bega moja na fundo limekaa kifuani. Kama mama alivyonibeba. Kama nilivyombeba Furaha, kama ninavyobeba kila siku. Niliacha kitenge nyumbani, lakini mikono yangu nilikuja nayo.

Kijana akaniuliza kitu. Mimi, siyo Furaha. Akarudia.

Kofi likanipiga mkononi kutoka nyuma. Bibi mmoja, gogo wanavyosema hapa, mfupi, jezi ya sufu ya kijani, kilemba, pua imejaa ugoro. Akaanza kunifokea mbele ya watu wote. Sikuelewa neno ila nilielewa kwamba nasemwa. Furaha amenitafsiria nyumbani, na safari hii nilimwambia asifiche kitu:

"Hawa wasichana wa siku hizi. Mimba wanajua kubeba, mtoto hawajui. Angalia. Angalia huu mzigo wa viazi. Nimemwambia mara ngapi huyu mkwe wangu? Hasikii. Inama."

Alinisukuma kichwa chini. Akafungua fundo langu. Akamshika Ombeni kwa mkono mmoja, akamgeukia kijana, akamtupia mtoto kifuani na kamasi zake zote. "Shika. Wewe si una muda wa kusimama? Shika basi." Kijana akashika. Angefanya nini? Foleni ikacheka. Mwenzake akamwambia kitu, naye akacheka, mkono umetanuka kama anashika mayai.

Gogo akachomoa pini mbili kwenye jezi yake. Akamrudisha Ombeni mgongoni, akavuta taulo mpaka nikakosa pumzi, akabana huku na huku. Akanipiga matakoni, twende. Tukapita. Hakuna aliyetuzuia.

Ndani alikaa benchi la mbali. Hakunitazama tena. Nilimtuma Furaha amshukuru. Amerudi na jibu: "Amesema asante ya nini, pini zake zirudi."

Nesi ametuita mapema, amesikia kifua kabla ya kukiona. Nilitoa karatasi yangu ya ukimbizi kwa sababu lazima. Akaisoma, akanitazama, akatazama mlango, akaiweka chini ya karatasi nyingine. Akamwekea Ombeni kikombe cha plastiki cha mvuke puani. Nimonia. Sindano, dawa ya maji, na kurudi Jumatatu ijayo. Amesema ningekaa siku nyingine ningemleta kwa namna nyingine. Furaha alianza kutafsiri. Nikamwambia acha, nimeelewa.

Tulipotoka gogo hakuwepo. Benchi lake limekaliwa na mwingine. Pini zake ziko kwangu.

Jumanne, 8 Julai

Amenyonya. Amelala, ameamka, amenyonya tena. Ngozi haizami sana.

Baba Furaha nimemwambia yote kwa simu. Kwanza amenigombeza. Kisha akauliza, "Rangi ya jezi?" Nikamwambia kijani. Sijui ataifanyia nini rangi.

Bado naogopa. Nafikiri siku moja nitaacha kusikia filimbi ambazo hazipo. Leo ilikuwa ya mlinzi wa kuegesha magari tu, na bado nilimvuta Furaha kati ya kabati na ukuta. Akaja bila kuuliza. Ameshazoea, na hilo silitaki.

Alhamisi, 10 Julai

Limebaki jambo moja la kisiwani, jua. Tumepanda na mablanketi. Ombeni kwenye kitenge safari hii, paani hakuna wa kuniangalia. Dawa inamfaa, amekohoa mara chache tu, na alipoona njiwa amepiga kelele kama mwenye nyumba.

Taulo Furaha amekataa kulitandika. Anataka mtoto wake wa sanamu abebwe. Amemfunga mgongoni chini ya kwapa, amevuta, amebana kwa pini mbili, akaruka ruka kumjaribu. Hakuanguka. Kumbe pale getini alikuwa anaangalia mikono ya gogo, mimi nilikuwa naangalia ardhi.

Nimemtazama mtoto wangu alivyojua kufunga kama wao. Imeniuma kidogo. Nimefurahi pia. Nimemwambia, "Sasa njoo nikuonyeshe ya kwetu." Nikafungua, nikapitisha juu ya bega, nikafunga fundo. Akaruka ruka tena. Akasema, "Hii pia inashika."

Tukakaa. Jua limezama nyuma ya maghorofa ya Braamfontein, jekundu kwa vumbi la baridi. Kule chini teksi zinapiga honi kama siku zote. Hakuna aliyetulipisha.

Jumatatu lazima turudi kliniki. Sijui nani atakuwa getini. Gogo nitamtafuta. Pini zake nimezichoma kwenye pazia karibu na mlango, nizione nikitoka.